Hali ya hewa "ya sasa hivi" kwenye simuleta: sasa hivi ya saa ngapi?

Kila masika malalamiko ni yaleyale. Mtu yupo Sinza, mvua inapiga bati mpaka hasikii televisheni. Anawasha simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, anajiweka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, anachagua hali ya hewa halisi, na kumbe huko jua linawaka. Anakata shauri hapohapo kwamba programu ni mbovu. Mara nyingi programu haina kosa, isipokuwa hilo neno "halisi" lililoandikwa kwenye kitufe, ambalo linaahidi mengi kuliko yaliyopo.

Dhana: simuleta inaonyesha anga la dakika hii

Simuleta haioni anga la Dar. Inapokea taarifa za aina mbili, na kila moja ina saa yake. Ya kwanza ni METAR, vipimo vya uwanja wa ndege vinavyotolewa kila saa moja, au kila nusu saa kwenye baadhi ya viwanja. Hali ikigeuka ghafla kabla ya muda huo, kituo kinaweza kutoa taarifa ya dharura iitwayo SPECI. Ya pili ni modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, inayojaza sehemu zisizo na kituo na upepo wa juu kabisa. Simuleta ya X-Plane 12 inatumia modeli ya GFS ya Marekani pamoja na METAR. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilitoka ikitegemea takwimu za Meteoblue, kampuni ya Basel nchini Uswisi, METAR zikachanganywa humo baadaye.

Dhana: basi modeli inatuonyesha hali ya asubuhi

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya, hata wale wanaojua METAR kwa kichwa. GFS hukokotolewa mara nne kwa siku, kuanzia saa 00, 06, 12 na 18 za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Dar kwa saa tatu), na matokeo yake huchukua takriban saa tatu na nusu hadi tano kutoka. Sasa chukua saa tisa alasiri ya Dar, yaani saa 12 UTC. Mzunguko wa ukokotoaji wa saa 12 ndiyo kwanza umefika zamu yake. Ulio tayari ni wa saa 06, ulioanzia kwenye vipimo vya saa tatu asubuhi. Lakini unachopewa si anga la saa tatu asubuhi. Ni utabiri wa saa tisa alasiri uliokokotolewa kutokana na anga la asubuhi. Kwa upepo wa futi 35,000 utabiri wa saa sita mbele huwa mzuri sana. Kwa wingu la mvua lililojikusanya juu ya Mbezi baada ya chakula cha mchana, sahau.

Tena GFS huigawa ramani kwa miraba, na mraba mmoja una upana wa takriban kilomita 28. Kariakoo, Kigamboni na uwanja wa ndege wenyewe vinaweza kuingia wote humo. Mvua ya mtaa mmoja haina pa kukaa kwenye mraba kama huo, na sisi wa Dar tunajua mvua inavyoweza kuinyima Mbagala ikaizamisha Jangwani.

Dhana: nikinunua bando kubwa itasasishwa haraka

Hapana. Taarifa ambayo haijatolewa haipakuliki, hata uwe na mkongo wa intaneti sebuleni.

Dhana: 0900 kwenye METAR ni saa tatu asubuhi

Ukiona HTDA 150900Z, HTDA ni uwanja wetu, 15 ni tarehe, na Z ni saa ya UTC. Dar ipo saa tatu mbele, kwa hiyo hiyo ni saa sita mchana. Ninashuku nusu ya malalamiko ya "taarifa imechelewa" yanaanzia hapa: mtu anasoma taarifa mpya kabisa akidhani ina umri wa saa tatu.

Dhana: bila mvua wala dhoruba, mgandamizo wa hewa haubadiliki

Ukanda wetu wa tropiki una mawimbi ya mgandamizo ya kila siku. Hupanda karibu saa nne asubuhi na kushuka karibu saa kumi jioni, hata anga likiwa shwari. Tofauti ya hektopaskali 3 inasogeza kipimo chako cha kimo kwa futi zaidi ya 80. Ukiruka asubuhi ukarudi alasiri bila kuweka upya QNH (mgandamizo wa hewa unaowekwa kwenye kipimo cha kimo), kipimo kitakuonyesha uko juu kuliko ulipo. Hiyo siyo hitilafu ya programu.

Dhana: upepo ukigeuka ghafla karibu na kutua, programu imekwama

Huenda METAR mpya imeingia tu. Flight Simulator X ya 2006 ilikupa chaguo mbili za hali halisi: ile isiyobadilika, na ile iliyosasishwa kila dakika 15. Kwa hiyo mabadiliko yalikuja kwa mkupuo. Programu za sasa hujitahidi kuyasambaza polepole. Kabla ya kulalamika, fungua METAR ya HTDA na utazame zile tarakimu nne kabla ya herufi Z, kisha ongeza tatu.