Ukoga na ugaga kwenye meno ya mbwa

Ukoga ni utando laini wa bakteria, mate na mabaki ya chakula unaoshika kwenye jino. Hata meno yakisafishwa vizuri, huanza kujijenga tena ndani ya saa chache. Usipoondolewa, madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye mate huuingia, na baada ya siku mbili tatu unakuwa gamba gumu la njano au kahawia. Gamba hilo ndilo ugaga. Mswaki huondoa ukoga, lakini ugaga hauuwezi hata ukisugua kutwa. Ndiyo maana kupiga mswaki mara moja kwa wiki hakumsaidii mbwa.

Mate ya mbwa yana alikali, yaani kinyume cha asidi, zaidi kuliko yetu. Kwa hiyo meno yake hayatoboki ovyo, ila ugaga humjia upesi, hasa mbwa wa umbo dogo ambao meno yao yamebanana.

Ugaga unaouona sio unaoumiza zaidi. Madhara makubwa yako chini ya ufizi. Kwanza ufizi huwa na mstari mwekundu kandokando ya jino, huvimba na kutoa damu. Hapo bado unapona. Bakteria wakishashuka chini, nyuzi na mfupa unaolishika jino huliwa, na mfupa huo haurudi. Harufu kali ya kinywa si maumbile ya mbwa, ni dalili. Na usingoje aache kula, kwani mbwa wengi huendelea kula huku wanaumia.

Mbwa mzima ana meno 42. La kukagua kwanza ni gego kubwa la juu, la nne nyuma ya chonge. Mfereji wa mate hufungukia karibu nalo, hivyo ugaga hupenda kuanzia hapo.

Tumia mswaki laini wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa, kiasi cha punje ya harage. Dawa ya watu usimpe: yeye hajui kutema, na baadhi zina zailitoli, sukari mbadala inayoshusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na kuharibu ini. Ukikosa dawa yake, lowesha mswaki kwa maji matupu. Kinachoondoa ukoga hasa ni msuguano.

Siku za mwanzo mzoeze kwa kidole tu, umguse mdomo na fizi, kisha umpe kitu anachokipenda. Baadaye inua mdomo wa juu bila kumfungua kinywa, laza mswaki kwa pembe ya nyuzi 45 pale jino linapokutana na ufizi, usugue kwa miduara midogo. Nusu dakika kila upande yatosha. Upande wa nje ndio muhimu. Ule wa ndani ulimi wake husaidia kuusafisha. Fanya hivi kila siku, au angalau siku moja baada ya nyingine. Fizi zikiendelea kutoa damu kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ugaga uliokwishaganda usiukwangue kwa kisu wala ukucha. Utachubua jino, na ukoga hushika haraka zaidi penye mikwaruzo, huku ule wa chini ya ufizi ukibaki palepale. Daktari humlaza kwa dawa ya usingizi, akausafisha juu na chini ya ufizi, kisha akalainisha jino.

Mifupa migumu si mswaki. Hilo gego kubwa hupasuka kwayo mara nyingi. Kitu cha kutafuna kisichobonyea kwa ukucha wa kidole gumba ni kigumu mno.

Kwa mtoto wa mbwa, meno 28 ya utotoni hung'oka kati ya miezi 4 na 6, na fizi huuma; wakati huo mguse taratibu tu. La utotoni likibaki kando ya jino jipya, hasa chonge, daktari aling'oe mapema, maana ukoga hujazana katikati yao na jino jipya huota upande.