Nati ya gitaa si nati ya bolti

Juzi kijana mmoja aliniletea gitaa lake la umeme, halikai kwenye tyuni. Mfukoni alikuwa na nati tatu za pikipiki, zile za kufunga zenye plastiki ndani ili zisilegee. Rafiki yake alimwambia anunue nati ya kufunga, naye alipoona bolti tatu shingoni mwa gitaa akaenda duka la vifaa akanunua tatu. Neno ndilo lililompoteza.

Nati ya gitaa ni kipande cha mfupa, plastiki au chuma kinachokaa pale shingo inapokutana na kichwa, kina mifereji ya kupitishia nyuzi. Ile ya kufunga ni ya chuma, juu ina vibanio vitatu, kila kimoja kinakandamiza nyuzi mbili kwa bolti inayokazwa na alenki ya milimita 3.

Sisi "nati" tuliizoea gereji, kitu chenye tundu na meno ndani. Waingereza nao wanatumia neno moja kwa vyote viwili, na wapo wanaodhani la gitaa limetoka kwa Wajerumani, ambao "Nut" kwao ni mfereji uliochongwa. Inaingia akilini, maana mifereji ndiyo kazi yake. Lakini Wajerumani wenyewe kipande hiki wanakiita "Sattel", yaani tandiko, na kwa Waingereza tandiko la gitaa liko upande wa pili kabisa, kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa!

Linaloniumiza zaidi ni hilo "kufunga". Nati ya kawaida huacha uzi uteleze. Ukibonyeza mkono wa tremolo, ile fimbo ya darajani inayolegeza nyuzi ili sauti iyumbe, kisha ukauachia, uzi hukwama kwenye mfereji au hulegea kwenye kigingi cha kutyunia kule kichwani, sauti isirudi ilipokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Floyd Rose, mpiga gitaa, akaamua kuubana uzi palepale kwenye nati. Kwa hiyo kinachofungwa ni uzi. Vigingi vya kufunga navyo vinaubana uzi, ila kwenye kigingi. Juu ya nati bado unateleza. Watu wanaviita vyote "loki", wananunua kimoja wakitegemea kazi ya kingine.

Gitaa la yule kijana vibanio vilikuwa vimechimbwa na nyuzi, ukipitisha ukucha unahisi mistari. Tulipima upana, milimita 41.3, tukapata ya saizi R2. Uzi wa kwanza ukawa unagonga freti ya kwanza (kile kijiti cha chuma shingoni kilicho karibu na nati), nikaweka bati jembamba chini ya nati. Akatyuni kwanza, ndipo tukakaza vibanio, tofauti ndogo akazimalizia kwa skrubu za darajani.

Ukienda kununua, mdogo wangu, sema "nati ya kubana nyuzi za gitaa", utaje na upana wake kwa milimita. Na ile ya zamani usiitupe kabla hujailinganisha na mpya.