Nyumba ya pili Marekani: madirisha hapana, hitipampu ndiyo

Juzi dada mmoja mteja wangu kanitumia risiti zake za 2024 akiwa ameshakata tamaa. Anaishi Ohio ila ana kinyumba Michigan karibu na ziwa, anakwenda na watoto kila likizo na hajawahi kukipangisha. Mwaka huo alibadilisha madirisha yote akafunga na hitipampu (mashine ya umeme ya kupasha na kupoza nyumba) ya dola 9,000, halafu aliyemjazia ritani ya kodi akamwambia nyumba ya pili haipati punguzo lolote la kodi. Jamani, hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ina dola 2,000 zake.

Iko hivi, ile krediti ya kuboresha nyumba itumie nishati kidogo, yaani asilimia 30 ya gharama inayokatwa kwenye kodi unayodaiwa, iliyopanuliwa na sheria ya 2022 inatenganisha mwili wa nyumba na mashine zake. Madirisha, milango, insulesheni (kinga ya joto na baridi) ya dari na kuta, hivyo vinataka iwe nyumba yako unayoishi hasa. Mashine kama hitipampu, hita ya maji na AC zinakubalika hata nyumba ya pili, ilimradi iko Marekani, unakaa humo mwenyewe sehemu ya mwaka na hupangishi watu. Kwa hiyo madirisha yake sifuri, ila 30% ya 9,000 ni 2,700, kikomo cha hitipampu kwa mwaka ni 2,000, basi 2,000 anapata. Hapo lazima uwe na kodi ya kupunguza mwaka huohuo maana hii haihamii mwaka unaofuata.

Sola ni fungu lingine, nayo 30% lakini haina kikomo, nyumba ya pili inaingia, na krediti inayobaki inahamia mwaka unaofuata. Wale mlioniuliza sola mliyoweka Kigamboni au Kitengela, hapana ndugu zangu, najua mmetoa hela nyingi ila nyumba lazima iwe Marekani.

Zote mbili zimeishia 31 Desemba 2025 kwa sheria ya Julai mwaka huohuo, kwa hiyo ukifunga kifaa sasa hivi hupati. Ya nyuma ndiyo nawasihi mkayaangalie. Una miaka mitatu toka ufaili, yaani ritani ya 2024 uliyofaili Aprili 2025 unaweza kuirekebisha mpaka Aprili 2028, unajaza 1040-X (fomu ya kurekebisha ritani) na fomu 5695 (ya krediti hizi). Tafuta risiti na modeli ya mashine maana sio kila hitipampu inafuzu, na kama ulifunga 2025 fomu inataka pia namba ya mtengenezaji. Yule dada modeli yake imefuzu, jana tumeshatuma.