Jino Huozea Wapi? Tazama Umri wa Mwenye Jino

Meno ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu hayaozi mahali yanapoozea ya mwanafunzi wa darasa la kwanza, na ya bibi yao yana mahali pake tena. Ugonjwa ni ule ule. Bakteria waliomo kwenye utando unaong'ang'ania jino hula sukari na kutoa tindikali, tindikali huyeyusha madini ya jino, kisha mate huja taratibu kurekebisha. Kila kitu kitamu kikiingia mdomoni, mate huhitaji kama nusu saa, wakati mwingine saa nzima, kurudisha hali. Kinachobadilika na umri ni kona ambayo mate na mswaki havifiki vizuri.

Kwa mtoto mdogo kona hiyo ni meno manne ya mbele ya juu. Akilala na chupa ya juisi, chai au maziwa yenye sukari mdomoni, kinywaji hutuama hapo usiku kucha, tena mate hupungua mtu anapolala. Ya chini huponea kwa sababu ulimi huyafunika na tezi za mate zi karibu.

Kumkagua hakuhitaji kifaa. Mlaze kichwa mapajani pako penye mwanga, inua mdomo wa juu kwa kidole, futa meno kwa kitambaa safi, kisha tazama pale jino linapokutana na ufizi. Mstari mweupe usiong'aa, mfano wa chaki, ndiyo dalili ya kwanza. Hapo jino halijatoboka bado na linaweza kurejeshewa madini. Ukiona kahawia na jino limelika, mpeleke kwa daktari wa meno, usingoje lianze kuuma.

Wengi hungoja, wakisema meno ya utoto si yatang'oka tu. Yatang'oka, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Likiingia usaha, mtoto hali wala halali, na jino la ukubwani linalojengeka chini yake linaweza kuota na dosari.

Mswaki uanze siku jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na miezi 6. Chini ya miaka 3, weka dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Soma ubavuni mwa tyubu: floraidi, madini yanayoimarisha jino, iwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Na asiachiwe mswaki peke yake mpaka miaka 7 au 8. Kabla ya hapo anatafuna mswaki tu, hapigi.

Hapa inabidi kutaja "meno ya nailoni". Mtoto mwenye homa na kuharisha hupelekwa kwa mtu anayepasua ufizi na kutoa kijino cheupe, laini, kinachodaiwa kuleta ugonjwa. Kile ni chonge ya utoto ambayo haijakomaa. Kinachofuata ni kuvuja damu na maambukizi, hata kifo, na anayepona anaweza kuota chonge ya ukubwani iliyoharibika au asiote kabisa. Anachohitaji mtoto huyo ni maji ya mchanganyiko wa chumvi na sukari (ORS) na kituo cha afya.

Sasa umri wa miaka 6, ambao kwa maoni yetu ndio unaosahaulika kuliko yote. Nyuma kabisa ya magego ya utoto huota gego jipya bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo nyumbani hakuna anayelitambua. Hesabu kutoka katikati ya mdomo: meno ya utoto ni matano kila upande, la sita ni la kudumu. Linachukua miezi mingi kupanda, na muda wote huo liko chini kuliko jirani yake, mswaki unapita juu yake tu. Ugeuze mswaki uingie kutoka pembeni, ukikatiza safu ya meno. Mifereji yake ni myembamba kuliko unywele wa mswaki. Ndiyo maana daktari anaweza kuiziba mapema, kabla haijaoza.

Kama tundu limeshaanza, si lazima mashine ya kuchokonoa. Ipo njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kujaza saruji ya meno inayotoa floraidi. Njia hiyo ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na haihitaji umeme. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

Kwa watu wazima tatizo ni idadi ya mara sukari inapoingia mdomoni kuliko wingi wake. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Lakini anayeinywa na chakula ameshambulia meno mara moja. Dereva anayeinywa funda moja moja toka asubuhi hadi mchana hayapi nafasi ya kupumua. Usiku piga mswaki, tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mswaki wa mti unasafisha ukitafunwa ukawa laini, ila hauna floraidi ya kutosha. Tumia na dawa ya meno.

Kwa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine yenye floraidi nyingi majini, meno ya kahawia hayana maana kwamba yameoza. Rangi hiyo huingia jino likijengwa, tangu kuzaliwa hadi kama miaka 8; kwa mtu mzima hailetwi na maji ya leo. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunaizidisha ukali kwa kuwa maji hupungua. Magadi ya kulainishia maharage nayo huwa na floraidi. Chakula cha mtoto kipikwe bila magadi.

Kwa wazee jino huozea shingoni. Ufizi ukishuka, mzizi hubaki wazi, nao hauna lile gamba gumu, huyeyuka kwa tindikali dhaifu zaidi. Baadhi ya dawa za presha, mzio na sonona hukausha mate, na mzee hujituliza kwa kumung'unya pipi, jambo baya kuliko yote hapa. Anywe maji kidogo kidogo, na asiache dawa bila daktari. Mwenye kisukari achunguze fizi pia: fizi zinazovuja damu hufanya sukari igome kushuka, na sukari iliyopanda huziumiza fizi.

Usiweke asprini kwenye ufizi, inaunguza. Jino lililouma wiki nzima likanyamaza ghafla halijapona. Mara nyingi neva imekufa na usaha unajikusanya. Uvimbe ukishuka chini ya taya, kumeza kukawa kugumu au ulimi ukainuka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.