Picha Ikiachwa Galari: Mali Kauli Inahitaji Maandishi

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana utaratibu wao wa siku nyingi, mali kauli: unachukua mzigo leo, unalipa ukishauza. Msanii anayepeleka picha zake galari, yaani nyumba ya kuonyesha na kuuza kazi za sanaa, anafanya jambo hilohilo. Picha inatundikwa ukutani kwa watu, lakini ni yake mpaka mnunuzi alipe. Tofauti ni kwamba katoni ya sabuni ikiharibika utapata nyingine kama hiyo, ila picha ni moja tu.

Kazi yangu ni kupokea na kutunza kazi za wasanii. Wakati mmoja alinijia mchoraji kijana na picha aliyorudishiwa na galari moja baada ya miezi minane. Tuliilaza mezani, nikaimulika tochi kwa ubavu. Kwenye kona ya chini rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, na nyuma ya kanvasi kulikuwa na duara la maji lenye rangi ya chai. Galari ilisema ililetwa hivyo. Kijana hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha vinginevyo.

Ndiyo maana nasisitiza hati ya makabidhiano. Iandikwe jina la kazi, vipimo, vifaa vilivyotumika, hali yake siku hiyo na bei mliyokubaliana; ipigwe picha mbele na nyuma; kila upande ubaki na nakala iliyosainiwa. Iseme pia kazi itakaa galari hadi lini, nani anabeba hasara ikiharibika, na msanii analipwa ndani ya siku ngapi baada ya mauzo. Hapo kwenye siku ndipo urafiki mwingi unapovunjikia.

Galari nyingi huchukua nusu ya bei. Wasanii wengi huona ni dhuluma. Mimi sioni hivyo, iwapo galari inalipa pango, inaandaa maonyesho, inaita wanunuzi na kufuatilia malipo. Kinachoumiza ni yale yasiyosemwa. Chukua picha ya shilingi 2,000,000 ambayo galari imeitengenezea fremu ya 150,000. Gharama ya fremu ikitolewa kwanza kisha mkagawana, msanii anapata 925,000. Ikikatwa kwenye fungu lake peke yake, anapata 850,000. Vivyo hivyo kwa punguzo: mnunuzi akiondolewa asilimia 10, ni laki mbili za nani? Ulizeni kabla ya ufunguzi, si baada.

Msanii naye ana deni lake. Galari ikimleta mnunuzi, halafu wiki inayofuata mnunuzi huyohuyo akauziwa studio kwa nusu bei, galari haina sababu ya kuhangaika tena. Bei iwe moja, ukutani na studio.

Uhusiano wenyewe huanza polepole. Nenda kwenye maonyesho yao kwanza, uone kama kazi zako zinaelewana na wanachoonyesha. Waalike studio. Anzeni na maonyesho ya pamoja, kazi mbili tatu, kabla ya kuzungumzia maonyesho ya peke yako. Historia inaonyesha pia kwamba wasanii wenyewe wamewahi kuanzisha kuta hizi: mchoraji Elimo Njau na wenzake walianzisha galari ya Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na Gallery Watatu ya jiji hilohilo iliitwa hivyo kwa kuwa waanzilishi wake walikuwa watatu.

Jambo jingine: kuuza picha si kuuza hakimiliki. Galari au mnunuzi akitaka kuichapa kwenye kalenda au fulana, hiyo ni ruhusa nyingine na malipo mengine, kwa maandishi. Kenya, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, ilimpa msanii haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Wasanii wa huku Tanzania, ulizieni nanyi haki ya namna hiyo.

Yule kijana amerudi kwetu na picha tatu. Kabla sijafungua droo ya fomu, alikuwa ameshatoa futi kamba mfukoni na kuanza kupima.