Marafiki wa ukubwani Dodoma: tunayoamini na yalivyo

Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuutekeleza kwa nguvu uamuzi wa 1973 wa kuhamia Dodoma, mji umepokea watu wengi waliokuja na barua ya uhamisho, bila ndugu wala jirani wa zamani. Kabla yao walikuwapo vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007. Mtu wa namna hii ana wenzake kazini na majirani wa kusalimiana getini, lakini Jumamosi mchana hana wa kumpigia simu. Vikundi vya watu wanaopenda jambo moja, iwe bao, zabibu, kwaya au kukimbia alfajiri, vingemfaa sana. Kinachomzuia mara nyingi ni maneno aliyoyasikia na kuyaamini.

"Ukishaishi mahali, marafiki huja wenyewe."

Hawaji. Urafiki unataka saa, tena nyingi. Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, aliwachunguza watu wazima waliohama karibuni pamoja na wanafunzi wapya wa chuo. Matokeo yake ya 2018 yalionyesha kwamba kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, urafiki kamili kama saa 90, na urafiki wa kushibana zaidi ya saa 200.

Piga hesabu. Kikundi kinachokutana saa mbili kila wiki kitakufikisha kwenye saa 50 baada ya wiki 25, karibu nusu mwaka. Ndiyo maana nasikitika ninapomsikia mtu aliyekwenda mara mbili akisema, "Wale watu wana kundi lao, hawanitaki." Hawajakukataa, bado hawajakuzoea.

Hall aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazijengi urafiki kama saa za kukaa na kuzungumza. Kwa hiyo mazoezi ya kwaya yakiisha, usikimbilie bodaboda. Ile nusu saa ya kahawa na kashata ndiyo yenye uzito.

"Bila mwalimu, kikundi ni soga tu."

Dhana hii inaudhi zaidi, kwa sababu inawanyamazisha watu wenye akili zao timamu. Mwaka 1989 huko Indonesia, wakulima wa mpunga walikuwa wakipiga dawa nyingi, na dawa ikawa inaua hata buibui na wadudu wengine wanaokula wale waharibifu. Kwa msaada wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakakusanywa katika vikundi vya watu kama 25 vilivyokutana kila wiki kwa msimu mzima. Waliingia shambani asubuhi, wakahesabu wadudu, wakachora walichokiona, kisha wakajadili na kuamua la kufanya. Mwezeshaji aliuliza maswali zaidi ya kutoa majibu. Eneo moja lililimwa kwa mazoea, jingine kwa njia mpya, na kila mtu akalinganisha kwa macho yake.

Utaratibu huo ulifika kwetu, na tunauita shamba darasa. Kwa zabibu za Dodoma unafaa hasa. Mzabibu hapa hupogolewa mara mbili kwa mwaka, na ndiyo sababu tunavuna mara mbili. Anayeanza huogopa mkasi, hajui aache macho mangapi, yaani sehemu za kuchipulia, kwenye tawi. Maelezo ya karatasini humsaidia kiasi, lakini kusimama mbele ya mzabibu na watu watano wasiokubaliana, kila mmoja akieleza kwa nini angekata pale, humsaidia zaidi.

"Nitajiunga nikishajua kidogo, nisije nikaaibika."

Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, alipowachunguza mafundi cherehani wa Liberia, aliona mwanafunzi haanzi kwa kukata kitambaa. Huanza na umaliziaji, kama vifungo na pindo, halafu hushona, na kukata huja mwisho, kwa sababu ukikosea kukata umeharibu kitambaa. Kikundi chema humpa mgeni kazi ndogo iliyo ya kweli. Barazani penye bao, kwa mfano, mgeni anaweza kukaa pembeni akifuata mchezaji mmoja anavyonamua, yaani anavyoingiza kete mojamoja, aone kwa nini nyumba, lile shimo kuu, haichezwi ovyo, ndipo ashike kete.

"Mnakopeshana shilingi ngapi?"

Swali hili huulizwa kila kikundi kinapotajwa, kwa kuwa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, vimeenea kote. Ni vyema, ila si kila kikundi ni cha fedha. Kwa maoni yangu, kikundi cha kukimbia kikianza kukopeshana mapema, asiyelipa huacha kuja, na mazoezi nayo huyakosa.

"Watu wa rika na kazi tofauti hawana faida kwangu."

Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani aliyewahoji watu wa karibu na Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, aligundua kuwa zaidi ya nusu walikuwa wakionana na mtu huyo mara mojamoja tu. Wa karibu yako wanajua yale unayoyajua tayari. Fundi wa Nkuhungu na karani wa Area D wanaokutana kwenye bao wanasikia habari za pande mbili.

"Kundi la WhatsApp linatosha."

Linafaa kukumbushana. Zile saa za kahawa haliwezi kuzileta. Chagueni siku moja, saa moja na mahali pamoja pasipo kiingilio, mkutane hata wakija watatu.