Panya hakungoja tuzo ndipo ajifunze

Wengi hudhani kiumbe hajifunzi kitu mpaka atuzwe au aadhibiwe. Sivyo. Mwaka 1930, wanasaikolojia Edward Tolman na Charles Honzik waliwaacha panya wazurure ndani ya mzingile wa vichochoro kwa siku 10 bila chakula mwishoni. Ungewaona ungesema wazembe: wanaingia kilichozibwa, wanageuka, wanaingia kingine. Siku ya 11 chakula kikawekwa. Kesho yake makosa yakashuka ghafla, wakawa sawa na wenzao waliotuzwa tangu siku ya kwanza, hata kuwazidi kidogo. Kumbe ramani ilikuwa kichwani muda wote. Kilichokosekana ni sababu ya kuitumia. Tuzo ina nguvu (B. F. Skinner, mwanasaikolojia aliyesisitiza tuzo, hakukosea hapo), ila hapa iliamsha utendaji tu. Ujuzi ulikwishakuwapo.